Koo la Chiriku

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba goti la mama limeacha kumsumbua, au angalau yeye ameacha kulisumbua goti kwa kuinuka kila anaposikia mlango wa jirani ukifunguliwa. Mwambie nimesema akae chini, habari za jirani zitamfuata hapohapo alipo. Sisi huku hatujambo kabisa. Bomba la jikoni bado linavuja, fundi bado anasema kesho, na mimi bado namwamini. Mwanao anakula vizuri na anarefuka kwa fujo; vile viatu ulivyomletea likizo iliyopita sasa anavivaa kwa kukanyaga visigino, na nikimwambia aviache anasema bado vinamtosha kwa mbele.

Najua unajiuliza kwa nini nimekaa chini kuandika wakati simu ipo. Kaka, simu unajua kuitumia vibaya. Nikianza tu kugusa jambo usilolitaka, mtandao wako unaharibika ghafla, au kuna mtu anabisha hodi, au maji yanachemka. Wewe na hayo maji yako yanayochemka! Basi barua haina maji jikoni. Utaisoma, na ukiikunja katikati utajua mwenyewe kwamba umeikunja. Nisamehe kwa kuanza kwa ukali. Wewe ni mkubwa wangu na heshima yako iko palepale, lakini unanijua, nikibeba neno kifuani nakosa usingizi mpaka nilitue.

Nianze na kazi, maana yote yametokea humo. Tangu muhula ulipoanza niko kwenye kikosi cha utafiti cha hospitali yetu. Tunazunguka katika shule za msingi tukichungulia makoo ya watoto. Usicheke, ni kazi ya maana. Watoto hawa walichanjwa homa ya uti wa mgongo walipokuwa wadogo, katika ile kampeni kubwa, na madaktari wanataka kujua kama kinga bado imo mwilini mwao baada ya miaka yote hii, na pia kama vijidudu vyenyewe bado vinapata mahali pa kukaa makooni mwao. Kinga tunaitafuta kwenye damu. Vijidudu tunavitafuta kwa kijiti kirefu chenye pamba nchani: unakiingiza nyuma kabisa ya koo, unapangusa, unakitoa. Ni jambo la kufumba na kufumbua, lakini ukimwendea mtoto nacho utadhani umeshika panga. Kuna mmoja alikiuma akakataa kukiachia, tukabaki tunavutana mimi na yeye mbele ya darasa zima, mpaka mwalimu wake alipomtekenya mbavuni. Mwingine alinirudishia chai yake yote ya asubuhi kwenye koti, kisha akaniomba msamaha kwa adabu sana.

Nilipoitwa kwenye kazi hii mtu wa kwanza niliyemfikiria ni Meneja. Haya, nimeshaliandika jina lake na dunia haijapasuka, kwa hiyo tuendelee. Namkumbuka mwanao yule, kaka. Namkumbuka alivyokuwa akitembea mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua sufuria moja moja jikoni kwa wifi kama anayetaka kumfukuza mtu kazi, mpaka sote tukampa cheo. Hakuwa ametimiza hata miaka mitatu. Asubuhi aliamka na homa, jioni shingo ikakakamaa, na kesho yake tulitoka hospitalini bila yeye. Chanjo ilifika mtaani kwenu mwaka uliofuata. Tangu siku ile mimi sijakusikia ukilitaja jina lake, na picha yake ilitoka ukutani, na mtu akijisahau akamtaja mezani wewe unainuka. Sikulaumu. Kila mtu ana namna yake ya kubeba. Nataka tu nikueleze jinsi kunyamaza huko kulivyosikika katika masikio ya mtoto.

Wewe binti yako unamwita kwa jina la shule, lakini huku hakuna anayelijua. Mtaa mzima unamwita Chiriku, kwa sababu tangu ulipomleta, akiwa na miaka sita, hajawahi kufunga mdomo. Anaimba akifua, anaimba akifanya hesabu, anaimba akiwa chooni, na akichoka kuimba anasimulia. Mama akisema amerithi kwangu mimi nakana, lakini wewe uliyenipa jina la Kelele tangu utotoni unajua ukweli. Nyumba yangu ilikuwa na mtu mmoja aliyezeeka kabla ya wakati; alipoingia yeye ikawa na watu kumi.

Sasa sikiliza. Zamu ya shule yao ilipofika, mwalimu wa darasa la tano, darasa lake Chiriku, aliniomba nije siku chache kabla niwaeleze watoto kijiti ni cha nini, wasije wakatimua mbio siku yenyewe. Nikakubali kwa furaha. Nilitaka waelewe jambo ambalo hata wakubwa linawashinda: kwamba kijidudu cha homa ya uti wa mgongo mara nyingi hakimuumizi anayekaa nacho. Kinakaa tu kooni kwa mtu mzima wa afya, mwezi, miezi, kisha kinaondoka kama kilivyokuja, na mwenye koo hana habari. Ila katika kupumuliana na kukaa karibu kinaweza kumrukia mwingine, na mmoja kati ya wengi sana, ambaye mwili wake hauna kinga, ndiye anayeangushwa nacho.

Nikajifanya mjanja. Nilisaga chaki nyekundu ikawa unga, nikamwita Chiriku mbele, nikampaka kiganjani, nikamwambia afumbe mkono kisha aende akasalimiane na wenzake watatu, na hao watatu wakasalimiane na wengine. Nilimchagua yeye kwa sababu ni wangu, najua haogopi watu. Darasa likawa soko. Waliponyoosha viganja juu, karibu kila mkono una wekundu, wakavunjika mbavu kwa kicheko. Nikauliza imeanzia kwa nani, wote wakamnyooshea kidole wakipiga kelele Chiriku, Chiriku! Nami nikamshika mkono nikauinua juu na kuwaambia wamtazame vizuri: haumwi, hasikii chochote, wala hajui alichobeba, na bado amewafikia darasa zima. Nilisema hivyo, kaka, kwa mdomo wangu huu. Nikapigiwa makofi, na mwalimu akaniambia nilipaswa kuwa mwalimu.

Kuanzia siku ile nyumba yangu ilinyamaza. Mwanzo nilidhani ameudhiwa na wenzake, maana siku mbili tatu walimtania kwamba ni mama wa chaki. Kisha nikaona mengine. Kuimba kukaisha. Akitaka kuniambia kitu alivuta kola ya sweta hadi puani, jua likiwa kali la kukausha nguo kwa dakika. Chakula akawa anaenda kukila kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kanigeuzia mgongo. Mtoto mchanga wa jirani, ambaye zamani alikuwa akimwazima kila jioni kama kitabu cha maktaba, sasa akiletewa anasema mikono inamuuma. Na kitandani, sisi tunaolala chumba kimoja, akaanza kulala uso ukutani.

Unadhani mimi muuguzi, mwenye vyeti, niliona nini katika yote hayo? Niliona kiburi. Nilisema ndiyo yale mambo ya kukua, msichana anaanza kunitazama shangazi yake kama mshamba. Nikampa maneno. Nilimwambia kama nyumba yangu inamnukia vibaya aseme, nimfungulie dirisha. Aliniangalia juu ya ile kola, machozi yakamjaa, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku ya vipimo ikafika. Daktari wetu mkuu wa utafiti, mwanamke mpole anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, alisema si vizuri nimpime mtoto wa kwangu, kwa hiyo Chiriku akapangwa kwa mwenzangu. Damu alitoa bila hata kukunja uso. Akapelekwa kwenye kijiti. Akakaa, akainua kidevu, akafumba mdomo. Akaambiwa aseme aaa; kimya. Akabembelezwa, akachekeshwa, akaahidiwa kalamu ya rangi. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Wale waliolia kabla yake, hata yule aliyeuma kijiti, wakaanza kumcheka kwamba mtoto wa muuguzi ndiye mwoga kuliko wote. Nikasogea mimi nikamtolea macho. Akatikisa kichwa. Kaka, aibu niliyoipata! Nilitamani sakafu inifungukie. Daktari akanigusa bega, akasema mtoto ana haki ya kukataa kama mtu mwingine yeyote, tumwache, na tukaendelea na waliofuata. Njiani kurudi nyumbani nilimsema kutoka geti la shule mpaka mlango wetu, na yeye kavuta kola hadi puani.

Jumamosi mchana nilimwita kibarazani nimsuke. Hasira zangu unazijua, zinawaka upesi na kuzimika upesi, na nilikuwa nimeshaanza kumwonea huruma bila kujua ya nini. Alikaa chini katikati ya magoti yangu, mgongo kwangu, nami nikawa nagawa nywele kwa kitana nikisimulia upuuzi wa yule aliyenitapikia. Sikusikia kicheko. Nilipofika mstari wa tatu hivi, akauliza kwa sauti ndogo sana kama kile kijiti kinaweza kuonyesha mambo ya zamani. Nikauliza zamani gani. Akasema zamani za Meneja.

Mikono ilinikwama kichwani mwake. Sikujua hata kama anamkumbuka. Wakati ule alikuwa na miaka mitano, na sisi watu wazima tuna imani ya ajabu kwamba mtoto wa miaka mitano ni kama kiti, anakuwepo tu. Nikamwambia aseme yote, siendi popote. Akayasema akitazama mbele, na mimi nikisuka, kwa sababu niliona nikiacha kusuka na yeye ataacha kusema.

Alisema kwamba wifi alikataza Meneja kupewa biskuti nzima, kwa kuwa aliwahi kupaliwa. Basi yeye akawa anazimega kwa meno yake, vipande vidogo vidogo, anamlisha nyuma ya pazia la chumbani, na Meneja alikuwa akinyoosha kiganja kudai kingine kabla hajameza cha kwanza. Wiki ile ya mwisho yeye Chiriku alikuwa na mafua. Akamlisha vilevile. Kisha Meneja akaugua. Miaka yote hii hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Aliyemuunganishia ni mimi, siku ile nilipoushika mkono wake juu mbele ya darasa.

Baada ya hapo, anasema, kila kitu kikaeleweka. Akaelewa kwa nini jina la Meneja halitajwi nyumbani: ni ili yeye asijue. Akaelewa kwa nini mwaka ule ule wa chanjo baba yake alimfungia nguo kwenye begi akamleta kwangu: ni ili asiwaambukize na wengine. Akaelewa kwa nini ukija kututembelea unakaa kiti cha karibu na mlango na jioni hiyo hiyo unaondoka. Na ndiyo sababu alifumba mdomo. Hakuogopa kijiti hata kidogo. Aliogopa kwamba kitatoka na kijidudu kile kile, mimi nitakijua, nitakupigia simu, na wewe utakuwa na ushahidi. Aliniomba, kaka, bado kanigeuzia kisogo, kwamba kama siku moja akikutwa nacho nisikuambie.

Niseme nini? Nililia juu ya kichwa cha mtoto wa watu hadi mafuta ya nywele yakawa hayana kazi. Siku zote zile nilizokuwa nikimwita mwenye kiburi, alikuwa akinilinda. Alikuwa akimlinda mtoto wa jirani. Mtu wa miaka kumi na moja alijipa kifungo, akala peke yake kwenye ngazi, na mimi niliyesomea mambo haya nikampitia na sahani mkononi bila kuona.

Nilipofuta uso nikamgeuza anitazame, na hapo nikamwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu, na ambalo ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Kabla hatujaanza kuzunguka mashuleni, sisi wenyewe wa kikosi tulijifunza kwa kupimana sisi kwa sisi, na sampuli zetu zikaenda maabara pamoja na zote. Majibu yalipotoka, mwenye kijidudu alikuwa mmoja tu. Ni mimi. Ninacho hadi leo pengine, humu ninamokulia mkate na kukutukania simu zako. Nilipoambiwa nilikimbilia kuuliza dawa, daktari akacheka kwa upole, akasema watu wa namna yangu wamejaa kila mtaa, hatuumwi, na kitaondoka chenyewe. Kinachowakinga wanaotuzunguka ni chanjo, na mtoto ninayelala naye amechanjwa. Basi nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nilikuwa na hesabu yangu. Wiki ile ya Meneja nilikuwa kwenu, kaka. Utakumbuka, nilikuja likizo. Nilimbeba mgongoni siku nzima ili wifi apumzike, akawa ananipigia kelele sikioni nami nageuza shingo kumjibu puani mwake.

Nikamwambia Chiriku kwamba kwa hiyo kama ni mtu anatafutwa, hata mimi nimo. Huenda ilikuwa biskuti, huenda ilikuwa mgongo wangu, huenda baba yake aliyembusu kabla ya kazi, huenda mtu aliyewapitia dukani akapiga chafya akaenda zake. Nyumba ile watu wote tulikuwa tunapumua hewa moja. Hakuna kijiti wala daktari duniani atakayejua, maana vijidudu hivi huja na kuondoka, na koo la leo halina habari yoyote ya miaka sita iliyopita.

Kisha akaniwekea mkono shavuni, kile kiganja nilichokipaka chaki, akaniambia nisilie, kwamba mimi sikuwa na kosa, kwa sababu sikujua. Alilisema kwa haraka, bila hata kufikiri, kama mtu anayekuokotea kitu kilichoanguka. Nikamuuliza, na yeye je, alijua? Nikaona lile swali likimwingia polepole. Kola akaisahau, akaangua kilio cha kitoto kabisa, cha sauti, hadi mama wa mtoto mchanga akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani kafa. Nikamjibu hajafa mtu leo. Tulikaa pale kibarazani mpaka jua likahama, yeye na kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, amenikumbatia shingoni na kunipumulia usoni bila hofu.

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa daktari akafungua mdomo mkubwa kama mlango wa gereji. Majibu ya koo bado. Nimemwambia yakitoka ni yake, yasomeke vyovyote, na hayatakuwa na neno lolote kuhusu ndugu yake. Majibu ya damu yametoka: daktari ameniambia kinga yake ingali imara, kama amechanjwa juzi. Nilipomweleza Chiriku maana yake, alitaka kujua kama Meneja angeipata chanjo ile angekuwa darasa la ngapi. Tukahesabu pamoja. Angekuwa anaanza la tatu.

Basi, kaka, nimefika kwenye neno lililonisumbua. Mimi nimempa yote yaliyo ya hospitali, na ameyapokea. Ameanza kula mezani. Jana nilimsikia akiimba, ubeti mmoja tu, akanyamaza. Lakini kuna kipande kimoja kimebaki kwake, na mimi siwezi kukiondoa, kwa sababu hakikuwekwa na kijidudu.

Unaikumbuka siku uliyomleta? Yeye alikuwa uani akiwaonyesha watoto wa jirani begi lake. Wewe ulinifuata jikoni ukafunga mlango. Uliniambia hulali, kwamba kila usiku unakaa ukingoni mwa kitanda chake ukimgusa shingo kuona kama bado inapinda, na akikohoa tu roho yako inaruka. Uliniambia kutoka kwenu hadi hospitali ni safari, na kutoka kwangu ni kuvuka barabara. Ukasema afadhali umkose nyumbani kuliko umkose kabisa. Sijawahi kukuona ukilia vile, hata makaburini. Kisha ukanawa uso kwenye lile bomba, ukatoka, ukamshika mwanao mkono kama mgeni, ukaondoka. Na kila ukija unakaa karibu na mlango kwa sababu ukikaa ndani hutaweza kuinuka. Hilo nalijua mimi. Yeye anajua kiti tu.

Ningeweza kumwambia. Nimeumeza ulimi mara ngapi! Ningemwambia pia alivyosimulia wifi, kwamba chanjo ilipofika ulimbeba mabegani kabla jua halijatoka, mkawa wa kwanza kwenye mstari, na sindano ilipomwingia aliyelia alikuwa wewe. Lakini yakitoka kinywani mwangu yatakuwa maneno ya shangazi anayebembeleza. Nimembembeleza mno, ameshazijua mbinu zangu. Mimi sikuombi msamaha kwa ule mgongo wangu, na wewe usiniombe kwa busu lako, kwa sababu hakuna aliyekosa. Hilo tu ndilo ninalotaka alisikie kwa sauti yako, pamoja na jina la ndugu yake. Njoo, kaka. Ukiogopa, ogopea ndani ya nyumba, tutakuwa wote. Njoo na wifi kama ataweza, na njoo na ile picha.

Nisiwachoshe. Mpe mama mkono wangu, umwambie goti na ngazi havipatani. Wifi mkumbatie kwa niaba yangu na usimsomee barua hii kwa kurukaruka, mpe aisome mwenyewe. Majirani wote wanaoniulizia wajibu kwamba nipo na nina kelele zilezile.

Chiriku naye anakusalimu. Ameketi hapa upande wa pili wa meza, anasubiri nimalize ili alambe gundi ya bahasha, kazi ambayo wiki mbili zilizopita asingeikubali hata kwa fimbo. Nilimuuliza nikupelekee salamu gani kutoka kwake. Alifikiri sana, akazungusha kalamu, akaniambia nikuulize ni kwa nini ulimleta huku. Nilimuuliza kama ndiyo salamu, akasema ndiyo. Nikamwahidi kwamba nitaiandika kama alivyoisema, na kwamba jibu hutalituma kwa barua wala kwa simu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kelele